Dembo Inafanya Kazi, Lakini Haina Mushahara

Kila mutu wa kazi ya mukuba anajua hii: kampani haianze kuchimba mbele ya kupima. Wajeoloji njo wanatangulia. Wanapiga sonde mu udongo, wanatoa mawe, wanayapeleka ku laboratwari, wanatafuta teneur: mu tani moja ya jiwe muko kilo ngapi ya mukuba, ngapi ya kobalti. Wanaandika tani za reserve na miaka ya kazi. Kisha ile hesabu tu, banki inafungua mukono.

Sasa tuulize. Ule udongo uko juu ya jiwe, pamoja na miti yake, chemchemi yake, bowa yake na vinkubala vyake, nani aliupima? Mu luga ya kariere uko na jina moja: stérile. Maana yake, kitu kisichozaa. Sonde inaupita, buldoza inausukuma pembeni, na mu hesabu ni zero.

Mu muji ni vile vile. Wakati wanakata viwanja vipya upande wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, wanahesabu vitu viwili: ukubwa wa kiwanja na bei yake. Dembo iliyokuwa pale, iliyoshika mayi ya mvua na kulisha bustani za wamama, haiandikwe fasi yoyote. Inajazwa stérile na matofali, na mambo inaisha.

Gazeti hii inasema: ile zero ni uongo. Na deni ya ule uongo inalipwa na nyumba ya mufanyakazi, kila mwezi, kutoka mu mushahara wake.

Kazi gani hiyo?

Wenye masomo wanaiita huduma za mazingira: kazi ambayo pori, muto, dembo na udongo vinawafanyia watu bila kuomba malipo. Mwaka 2005 ripoti kubwa iliyotoka ku Umoja wa Mataifa iliipanga mu makundi ine. Tuyaweke mu luga ya kwetu.

Kundi ya kwanza ni vitu tunavyochukua: mayi, kuni, makala, dawa za mizizi, asali, masuku, bowa, vinkubala. Profesa François Malaisse, aliyefanya kazi miaka mingi huku Katanga, alitoa mu 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya pori yetu ya miombo. Kitabu kizima! Na wengine wanasema pori ni fasi ya bure.

Kundi ya pili ni kazi ya kulinda na kusafisha. Dembo inashika mayi ya mvua, mizizi inashika udongo, miti inapunguza joto na vumbi. Kundi ya tatu ni mambo ya roho na desturi: makaburi ya wazee, fasi ambako watu wanaendaka kuomba, kivuli ambamo familia inakaa siku ya Mungu. Kundi ya ine ni kazi ya chini kabisa, ile isiyoonekana: udongo unajitengeneza, majani yanaoza, muchwa wanageuza ardhi. Angalia kichuguu ya kwetu, inaweza kupita metre tano ya urefu. Mulimaji anajua ule udongo unazaa kuliko ule wa pembeni. Mupiga matofali naye anajua. Njo maana vichuguu vya muji vinaisha.

Wakati kazi ilianguka

Lubumbashi ilizaliwa mu 1910 juu ya mukuba, na mu 1911 fonderi ilitoa mukuba wa kwanza. Muji ulikomea pembeni ya kazi. Wazee wa kambi wanakumbuka wakati kampani ilitoa nyumba, masomo, lupitalo na posho. Mutu aliweza kukaa miaka makumi mawili bila kujiuliza pori inatumika nini. Kampani ilisimama kati ya familia na udongo.

Kisha ikaja myaka ya 1990. Mugodi wa Kamoto ulibomoka mu 1990, na kazi ya Gécamines ikashuka mwaka kwa mwaka. Mishahara ilikawia miezi na miezi. Mu 2003 maelfu ya wafanyakazi walitoka na ile tuliita départ volontaire. Nani alizishika zile familia? Si banki. Ni mashamba ya pembeni ya muji, ni bustani za dembo, ni makala, ni bowa ya wakati wa mvua na vinkubala vilivyokaushwa. Watoto wengi walisoma kwa feza ya lengalenga na ya makala. Ile ilikuwa assurance yetu, na hakuna aliyelipa hata franka moja ya kuingia mule.

Tusijidanganye kama ile wakati imepita. Bei ya mukuba na kobalti haiamuliwe Kolwezi. Mu Februari 2025 serikali ilisimamisha kwanza kutuma kobalti inje ya inchi, juu bei ilikuwa imeanguka sana. Bei ikianguka, mushahara wa mutu wa kazi unatetemeka, na mifuko ya creuseur inabaki pa depo. Siku ile familia itageuka tena kuangalia udongo. Itakuta nini? Dembo yenye bustani, ao ukuta wa matofali na mayi ya takataka?

Hesabu ya bidon

Watu wanauliza: unaweza kupima namna gani kazi ya dembo? Haina facture. Ni kweli, haina. Lakini siku inakufa, facture inakuja, na hapo njo unaweza kusoma bei yake.

Mvua ya mwaka mu Lubumbashi, karibu milimetre 1200, inaanguka karibu yote mu miezi sita hivi, tangu Novemba kufika Aprili. Kisha tunakaa miezi mingi bila tone. Dembo inafanya kama tanki: inameza mayi wakati ni mingi, inayaachilia polepole wakati hakuna. Juu yake visima vya wajirani havikauke, na mu Agosti mama anapata kumwangilia lengalenga. Ijaze dembo na nyumba, na mambo mawili yatafika. Mvua ikinyesha, mayi hayana fasi ya kukaa, yanaingia mu nyumba, yanachanganyika na ya mu vyoo, na kipindupindu, ambayo huku kwetu si mugeni, inapata njia. Mvua ikiisha, visima vinakauka na watu wanaanza kununua mayi.

Tufanye hesabu ya mufano. Tuseme nyumba moja inatumia bidon tano za litre makumi mawili kwa siku, na bidon moja ni franka 200. Weka bei ya kwenu kama ni ingine. Ni franka 1000 kwa siku, franka 365 000 kwa mwaka. Kama kisima cha kartié kimekufa na nyumba elfu moja zinanunua, ni franka milioni 365 kila mwaka. Ile feza ilikuwa mushahara wa dembo. Ilikuwa inaufanya kazi bila kuupokea, na wewe ulikuwa unaubakisha mu mufuko bila kujua. Ongeza dawa za kipindupindu, siku za kazi zilizopotea, mugodoro uliolowana, ukuta ulioanguka. Mwenye kuuza kiwanja mu dembo alipokea feza mara moja. Wajirani wanalipa kila mwaka.

Hii njia wenye masomo wanaiita gharama ya kubadilisha: unauliza ni feza ngapi itaombwa kupata kwa njia ingine kitu ambacho udongo ulikuwa unatoa. Iko na njia zingine. Vitu vinavyouzwa ku soko, kama bowa na makala, unachukua bei ya soko na unatosha gharama ya mutu aliyeenda kuvitafuta. Hasara isiyofika, kama nyumba isiyobomoka na mayi, nayo inahesabiwa. Na kuko mambo ambayo unauliza watu wenyewe: mungekubali kutoa kiasi gani ili hii pori ibaki? Hakuna njia isiyo na makosa. Lakini hata jeolojia haiko bila makosa, na hakuna anayesema juu ya ile tuchimbe bila kupima.

Pori inayokimbia

Tuongee juu ya makala bila kumutukana mama anayeuza makala. Muji unapika bukari na makala juu kura ya umeme haifike mu nyumba nyingi, na pale inafika inakatika. Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke zilijengwa mbele ya yote juu ya kazi ya mukuba. Nyumba zilipata ile iliyobaki.

Lakini angalia hesabu. Mu tanuru ya udongo, ili kupata kilo moja ya makala unachoma kilo tano za kuni ao zaidi, hata kufika kumi. Muji ukikomea, pori inakimbia mbali, na kila mwaka camion inaenda mbali zaidi. Ile safari iko ndani ya bei ya mufuko unayonunua. Ni vile mushahara wa mugodi unalipia pori iliyokufa, hata kama mwenye mushahara hajawahi kukata muti.

Na si makala tu inapotea. Bowa nyingi za miombo haziote peke yake. Ziko mu mapatano na mizizi ya miti: muti unaipa bowa sukari, bowa inausaidia muti kutafuta mayi na chumvi za udongo. Ukikata muti na kungoa kisiki, bowa haina nani wa kuishi naye. Vinkubala navyo vinachagua majani ya miti fulani ya miombo. Habari njema ni moja: muti wa miombo ukikatwa vizuri, kisiki kinatoa matawi tena, kama moto wa mwisho wa kiangazi na jembe havikipige kila mwaka. Pori iliyokatwa inaweza kurudi. Pori iliyojengwa hairudi.

Kampani nazo ziko mu ile hesabu. Udongo usio na miti unatelemuka na mvua, unaingia mu mito, unajaza maziwa ya barrage. Mukubwa wa kampani anayesema pori si kazi yake, amuulize ingénieur wa turbine.

Penga Penga na Kasulo

Kama mutu anataka kuona udongo ulioacha kazi, asiende mbali. Upepo wa Lubumbashi unapiga mingi kutoka kusini-mashariki. Kwa myaka mingi ulibeba moshi wa fonderi, ile ya cheminée ya metre 153, na kuumwaga upande wa Penga Penga. Udongo ulikunywa mukuba, zinki na risasi. Miti ilikufa, mvua ikachukua ngozi ya ardhi. Watafiti wa Université de Lubumbashi wamejaribu kupanda pale majani yanayovumilia mukuba na miti, wakitia chokaa na mbolea mu kila shimo. Kazi nzuri, ya uvumilivu. Lakini fikiri: shimo kwa shimo, kwa feza na kwa jasho, wanatafuta kurudisha kipande cha kitu kilichokuwa pale bure. Ile njo bei ya kweli ya stérile.

Ku Kolwezi tuko na Kasulo. Tangu 2014, wakati kobalti ilionekana chini ya nyumba, watu walichimba mu parcelle zao, kati ya jiko na chumba cha kulala. Bei ya jiwe kila mutu aliijua kufika franka ya mwisho. Vumbi haikuhesabiwa. Mu 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, ku Ubelgiji, walitangaza hesabu yao: wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti mingi mu mukojo kuliko watu wa kartié ya kulinganisha, na watoto njo walipita. Udongo safi ambako mutoto anachezea nao ni huduma. Tuliijua wakati ilikuwa imetoka.

Hapa hesabu inaomba ukweli wa pande zote. Dembo inayopokea mayi ya fabrike inaweza kushika sumu, na mboga zake zinaweza kuibeba. Ile dembo tusiseme ni bustani. Tuseme inafanya kazi ya kuchuja, na anayeitumia kuchuja uchafu wake alipe.

Namba peke yake haitoshe

Kuko mufano mu Kampala, ku Uganda. Muji ule unateremusha mayi yake ya uchafu kupitia dembo ya Nakivubo, mbele ya kufika mu ziwa Victoria, pale pale ambako muji unatoa mayi ya kunywa. Mu 1999 watafiti walihesabu: kazi ya kusafisha ya ile dembo ilikuwa na bei kati ya dolari milioni 1 na milioni 1,75 kwa mwaka. Namba ilijulikana, iliandikwa mu vitabu vya dunia nzima. Na bado dembo iliendelea kuliwa na mashamba na majengo. Juu ya nini? Juu feza ya dembo inaingia mu mufuko wa kila mutu kidogo kidogo, na feza ya kiwanja inaingia mu mufuko wa mutu mumoja kwa siku moja. Yule mumoja njo anakimbia ku biro.

Kuko na hatari ya pili, na tuiseme wazi. Ukiweka bei juu ya kila kitu, tajiri atasema: «Bei ni ngapi? Nalipa.» Makaburi ya wazee hayana facture. Chemchemi ya mwisho ya kartié haiuzwe hata kwa bei kubwa. Kuhesabu si kuuza. Baba anayejua mushahara wake kamili hajauza mukono wake. Anajua tu wakati wanamuiba.

Na wengine watatuambia: «Bantu banaomba fasi ya kulala, ninyi munaongea vyura.» Tunawasikia. Muji unakomea, vijana wanaoa, viwanja vinaombwa. Hatusemi musijenge. Tunasema musijenge pale ambako nyumba itamudhuru mwenye kujenga na wajirani wake, wakati fasi ya juu na kavu iko. Mwenye kuuziwa kiwanja mu dembo si mwizi. Ni mutu aliyefichwa nusu ya bei.

Tunaomba nini

Sheria haikosekane. Sheria ya mazingira ya 2011 inaomba uchunguzi wa madhara mbele ya muradi unaoweza kuharibu, na watu waulizwe. Code minier iliyopangwa upya mu 2018 inaagiza kampani kutoa 0,3 % ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wakaaji, na 15 % ya redevance kwenda ku muji, komini, sekta ao shefferi ambako mugodi uko. Iko pia garanti ya kurudisha udongo. Feza zina njia. Kinachokosekana ni ile kartasi ya hesabu inayosema udongo ulikuwa unafanya kazi gani.

Basi tunaomba mambo tatu. Moja: kila muji utangaze karte ya dembo, chemchemi na kingo za mito, ibandikwe ku komini, na kiwanja chochote kilichouzwa mule kisipewe kartasi. Mbili: mbele ya kukata viwanja ao kupanua kariere, hesabu ya huduma zitakazopotea isomwe mu mukutano, mu Kiswahili, mbele ya wale wanaoijua kuliko injenieri: mama wa bustani, mutafuta bowa, muchoma makala, muteka mayi. Tatu: sehemu ya ile 15 % na ile 0,3 % ilipe kazi ya kulinda, mashamba ya miti ya makala, visima na umeme wa nyumba, kuliko kila mwaka kupaka rangi ukuta mumoja na kuupiga picha.

Na ninyi mu nyumba, chukueni kaye ya mutoto. Andikeni mwezi mumoja tu: mayi franka ngapi, makala ngapi, mboga ngapi, dawa ya tumbo ngapi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wajirani kumi wakiweka kaye zao pamoja, bourgmestre hataweza kusema hana habari.

Siku ingine wakibandika tangazo ya viwanja vipya ku komini yenu, endeni na ulizeni bila fujo: pale kuko nini sasa? Kinafanya kazi gani? Kesho nani atafanya ile kazi, na kwa feza ya nani? Kama hawana jibu, waambieni warudi kupima.